Povu la Maziwa na Kikombe cha Mtoto

Wako wazazi wengi katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki ambao, wakiulizwa kama watoto wao hunywa maziwa, watajibu upesi kwamba hunywa. Lakini ukichungulia ndani ya kikombe cha mtoto asubuhi, aghalabu utakachokiona ni chai iliyotiwa maziwa kidogo kwa ajili ya kubadili rangi tu. Na pengine si hata hiyo, bali ni chai ya rangi tupu, au strungi kama wengine waiitavyo, yenye sukari nyingi. Maziwa yenyewe ama hayakununuliwa, ama yamekwenda sokoni alfajiri ndani ya dumu, ama yamo sufuriani na mtoto ameyakataa. Leo tunakusudia kuanza na sababu hii ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyo nyepesi kuondolewa nyumbani pasipo kungoja msaada wa mtu, na kwa kuwa dawa yake ni kitu ambacho wengi hukidhania kuwa ni mchezo wa watoto, yaani povu.

Mtoto hakatai maziwa kwa ukaidi mtupu. Kikombe kimewekwa mbele yake, maziwa ni ya moto mno, naye anaambiwa asubiri yapoe. Katika kusubiri huko hutanda juu yake ule utandu mzito wenye makunyanzi, ambao mtoto ukimgusa mdomoni humganda na kumtia kinyaa. Hapo husukuma kikombe. Na mama, ambaye shamba au kazi inamngoja, humwambia basi anywe chai. Utandu huo si uchafu wala si kitu kibaya. Ni protini za maziwa ambazo, kwa ajili ya joto na kukauka kwa maji yaliyo juu, hushikamana pamoja na mafuta zikafanya kama kitambaa. Wako watu wazima wanaougombania kwa kijiko. Lakini mtoto wa miaka mitatu hafundishwi kupenda kitu kwa kuelezwa faida zake, na maziwa yaliyofunikwa na povu hayatandi upesi namna hiyo. Tena kule kuyamimina ili yatoe povu ndiko kunakoyapoza. Basi kwa tendo moja mtoto ameondolewa mambo mawili aliyokuwa akiyachukia, na amepewa la tatu analolipenda, nalo ni kutoka na masharubu meupe juu ya mdomo.

Hapana mtu anayeweza kudai kwamba ndiye aliyeuvumbua ufundi huu. Wauza chai wa mitaani huujua vema, wanapoinua kikombe kimoja juu ya kingine na kukivuta kinywaji kama uzi. Huko Malaysia chai ya namna hiyo huitwa teh tarik, maana yake chai ya kuvuta. Na watu wa kusini mwa India huipoza kahawa yao ya maziwa kwa kuimimina baina ya bilauri na kibakuli cha chuma. Mbali zaidi, katika Amerika ya Kati, watu wa Maya walikuwa wakiupandisha kakao povu kwa kuumimina kutoka chombo kilichoinuliwa hadi kingine kilichowekwa chini, na mwanamke afanyaye kazi hiyo amechorwa juu ya chombo cha udongo cha karne ya 7 au ya 8 ambacho sasa kinahifadhiwa katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Yaonekana kila mahali ambapo watu wana vyombo viwili na kinywaji cha moto, mikono yao huwaongoza kwenye jambo lile lile.

Lakini twapaswa kusema wazi povu ni nini, maana juu ya jambo hili pana uvumi wenye madhara. Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya ngozi nyembamba ya protini za maziwa. Haliongezi lishe hata chembe. Kikombe kilichojaa povu hadi ukingoni kina maziwa machache kuliko kikombe kisicho na povu, wala hakina nguvu yoyote ya siri. Hata hivyo husemwa miongoni mwa wafugaji kwamba maziwa yenye nguvu hasa ni yale yanywewayo papo hapo zizini, yangali na joto la ng'ombe na povu la kukamwa, na ya kwamba kuyachemsha ni kuyaua. Wako wazee wanaowapa wajukuu wao kikombe hicho kwa mapenzi makubwa. Mapenzi hayo hatuyatilii shaka. Tunachokitilia shaka ni kikombe.

Katika kisiwa cha Malta, wakati kilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza, askari na mabaharia walikuwa wakiugua homa ya ajabu, yenye kuja na kuondoka, yenye jasho jingi na maumivu ya viungo, ikiwaweka kitandani kwa miezi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi aliyeitwa David Bruce aliwatambua wadudu wasababishao maradhi hayo, lakini hapana aliyejua yalikoingilia. Ilikuwa mwaka 1905 ndipo Themistocles Zammit, daktari mzaliwa wa kisiwa kile, alipogundua kwamba wadudu hao wamo katika mbuzi waliokuwa wazima kabisa kwa kutazamwa, ambao maziwa yao yalikuwa yakinywewa mabichi. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa hayo, na homa ile ikatoweka kambini karibu yote. Maradhi yenyewe leo huitwa brusela, kwa jina la yule Bruce, na hapa kwetu yangalipo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hufanana na malaria, hata mgonjwa akapewa dawa za malaria mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, ilhali chanzo kimo katika kibuyu cha nyumbani. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo ya maziwa mabichi. Ng'ombe hana budi kuonekana mgonjwa ndipo mwenyewe ashtuke. Lakini maziwa yake hayangoji.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nayo haina mjadala: chemsha kwanza, povu baadaye. Anayelipenda povu la zizini na ajue kwamba atalipata povu zuri kupita hilo baada ya maziwa kuchemka, maana joto halizuii povu bali hulisaidia. Viwandani maziwa husafishwa kwa kupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa muda wa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30. Nyumbani hatuna vipima-joto, lakini maziwa yaliyochemka yamekwisha kuvuka viwango hivyo vyote. Hata Arusha au Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, bado joto hilo latosha na kubaki. Kinachopotea katika kuchemsha ni sehemu ya baadhi ya vitamini. Protini na madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo hasa tunayoyatafutia maziwa, hubaki.

Kuchemsha kwenyewe kuna adabu yake. Sufuria na isuuzwe kwa maji baridi, isikaushwe, ndipo maziwa yatiwe; maji hayo machache husaidia maziwa yasishike chini na kunuka moshi. Moto uwe wa wastani, na mwiko usitoke mkononi. Maziwa hufurika kwa sababu mvuke hunaswa chini ya ule utandu, nao ukishapata nguvu huuinua wote kwa mara moja. Mwiko unaozunguka huuchana utandu na kuufungulia mvuke njia. Yakishapanda, punguza moto, uyaache yachemke kidogo huku ukikoroga, kisha uyaepue na kuyafunika. Na sufuria hiyo iwekwe mbali na ukingo wa meza na mbali na mikono midogo. Maziwa ya moto huunguza vibaya, na jiko la mafiga matatu sakafuni halina ukuta wa kumzuia mtoto atambaaye.

Tukiwa bado katika habari ya povu, hatuwezi kupita pasipo kumtaja mwuzaji. Povu lililo baraka katika kikombe cha mtoto ni wizi katika kikombe cha kupimia. Mwuzaji asiye mwaminifu huyamimina maziwa kutoka juu, kwa mbwembwe, kipimo kikajaa upesi. Mnunuzi akifika nyumbani povu limeshuka na lita imekuwa pungufu. Mnunuzi mwenye busara hungoja povu litulie ndipo apokee, wala haoni haya kusema ongeza. Tena povu jingi lisilokwisha si lazima liwe dalili ya maziwa mazuri. Nchini India, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2011 ulikuta sabuni katika baadhi ya sampuli za maziwa. Maziwa yanayoteleza vidoleni kama foma, au yenye ladha ya uchungu wa sabuni, yamwagwe.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua maziwa yaliyochemshwa, kiasi cha robo lita kwa mtoto mmoja, yakiwa yamekwisha tulia ila bado ni ya moto. Chukua na vyombo viwili vyenye mkono wa kushikia, ama jagi mbili ndogo, ama magi mbili za bati. Visijazwe kupita nusu. Simama mahali ambapo mtoto hayupo miguuni. Anza kumimina vyombo vikiwa karibu, kisha, maziwa yakiendelea kushuka, inua cha juu polepole hadi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Huo watosha. Kuinua zaidi ni kuwatumbuiza wageni. Mmimino uwe mwembamba na usiokatika, nao uangukie katikati ya maziwa wala si ukutani mwa chombo, kwa kuwa kinachotia hewa ni ule mwanguko. Rudia mara kumi au kumi na tano. Mara za kwanza utaona mapovu makubwa kama ya sabuni, yenye kupasuka. Usikate tamaa, maana kadiri unavyorudia huvunjika yakawa madogo, hata uso wa maziwa ukawa laini kama pamba. Kufikia hapo maziwa yatakuwa yamepoa kiasi cha kunyweka. Tone moja juu ya kifundo cha mkono ndilo litakalokuambia: likiwa vuguvugu lisilochoma, mpe.

Maziwa ya moto hutoa povu kuliko ya vuguvugu, kwa sababu mafuta yaliyoyeyuka nusu huyaharibu mapovu. Ndiyo maana maziwa yaliyoachwa yakapoa mno hayakubali hata ukiyamimina mpaka mkono uchoke; yarudishwe jikoni. Maziwa yaliyolala nayo hutoa povu hafifu. Maziwa ya unga hukubali vizuri sana, hasa yaliyoondolewa mafuta, mradi yamekorogwa kwa maji yaliyochemshwa. Na yale ya pakiti yaliyokwisha pikwa kiwandani kwa joto kali hayahitaji kuchemshwa tena, bali kupashwa moto tu. Mtindi usijaribiwe. Ukiutia moto utakatika, nao una uzuri wake ukiwa baridi.

Asiye na subira ya kumimina anacho upekecho. Kijiti hiki, ambacho bibi zetu walikitumia kupekechea mboga chunguni, kikisimamishwa ndani ya chombo kirefu na kusokotwa baina ya viganja viwili hupandisha povu kwa dakika moja tu. Watu wa Mexico wanacho cha kwao kilichochongwa kwa nakshi, wakiita molinillo, nacho hufanya kazi hiyo hiyo katika kakao. Kile kifaa cha waya cha kupigia mayai nacho chafaa. Wengine hutia maziwa katika chupa yenye kifuniko na kuitikisa. Hilo lifanywe kwa maziwa vuguvugu tu, na chupa isivuke nusu, kwa kuwa maziwa ya moto yaliyofungiwa huweza kukifyatua kifuniko yakamrukia mtu usoni.

Kuhusu viungo, watu wa pwani hawahitaji mwalimu. Iliki mbili zilizopondwa zikichemka pamoja na maziwa zatosha kuifanya nyumba nzima inukie, na kipande cha mdalasini hakimdhuru mtu. Kungumanga iwe ni kukwangua kidogo tu kwa ncha ya kisu, kwa maana kungumanga nyingi ni sumu, na mwili wa mtoto ni mdogo. Tangawizi mbichi ina tabia yake: ndani yake mna kitu kinachoyakatisha maziwa, na wengi wamewahi kulilaumu ziwa la ng'ombe kwa kosa la tangawizi. Ichemshwe kwanza peke yake katika maji kidogo, kisha ndipo maziwa yatiwe. Anayependa kakao, na kakao nzuri hulimwa papa hapa Kyela, na aukoroge unga wake kwanza kwa kijiko kimoja au viwili vya maziwa baridi mpaka uwe kama uji mzito, ndipo aumiminie maziwa ya moto. Akiutia mkavu utaelea vidonge vidonge.

Juu ya sukari tutasema neno moja ambalo halitampendeza kila mtu. Maziwa yana sukari yake ya asili, na mtoto ambaye hakuzoezwa utamu hauhitaji. Maradufu ya vijiko tunavyovitia ni desturi ya watu wazima tunayowarithisha watoto pamoja na meno yaliyooza. Tende mbili zilizorowekwa na kupondwa hutia utamu wa kutosha kikombe kizima. Asali ni nzuri, lakini asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hata kwa ncha ya kidole, kwa kuwa huweza kubeba vijimbegu vya sumu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda.

Na huyo wa chini ya mwaka mmoja hatumzungumzii katika makala haya. Chakula chake ni ziwa la mama, peke yake kwa miezi sita ya kwanza, kisha pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka miwili au zaidi. Madaktari wengi huonya kwamba maziwa ya ng'ombe yasifanywe kinywaji kikuu cha mtoto kabla hajatimiza mwaka, kwa sababu ni haba wa madini ya chuma. Hata aliyevuka umri huo asijazwe maziwa tumboni hata akakosa nafasi ya maharage na mchicha. Nusu lita kwa siku yamtosha. Mwenye kuvimba tumbo au kuhara kila anywapo apelekwe kwa daktari, wala asilazimishwe. Ni kweli kwamba watu wazima wengi wa Afrika hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa wanapokua, ingawa si wote: utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wafugaji wengi wa Tanzania, Kenya na Sudani wana urithi wa damu unaowawezesha kuyanywa uzeeni, urithi ulio mbali na ule wa watu wa Ulaya. Watoto wadogo kwa jumla huyamudu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumelishughulikia sana jambo la kikombe kimoja. Jibu letu ni kwamba robo lita ya maziwa ina takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu, na hiyo ni karibu nusu ya kalsiamu anayoihitaji mtoto wa miaka mitano kwa siku nzima. Chai ya rangi haina protini wala kalsiamu ya kutajika, na zaidi ya hayo huyazuia madini ya chuma yaliyomo katika chakula yasiingie mwilini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, wala hatusemi kwamba kikombe kimoja kitaziondoa. Twasema tu kwamba miongoni mwa watoto hao wamo wanaolala umbali wa hatua ishirini kutoka zizi lenye ng'ombe anayekamwa.

Hapa ndipo tunapowageukia akina baba. Wakenya waliosoma shule za msingi katika miaka ya 1980 wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa mwaka 1979 kwa amri ya Rais Moi. Mpango ule ulififia ukakoma katika miaka ya 1990, na tangu hapo kikombe cha mtoto kimerudi mikononi mwa nyumba yake. Katika nyumba nyingi zenye ng'ombe, fedha ya maziwa hushikwa na baba, kazi ya kukata majani na kukama hufanywa na mama, na mtoto huambulia kulichungulia dumu likifungwa. Fedha hiyo hulipa karo na dawa, nasi hatumshauri mtu aache kuuza. Lakini aliye na lita sita akauza tano na robo tatu hakufilisika. Robo hiyo na itengwe ya kwanza, kabla dumu halijaguswa, kwa maana kinachongojwa kibaki hakibaki. Aliye na watoto wanne aiongeze iwe lita. Na asiyeweza lita, basi nusu lita igawanywe, na hapo ndipo povu litakapofanya kazi yake ya heshima, kwa kuwa nusu kikombe kilichomiminwa vema humfikia mtoto kikiwa kimejaa.

Maziwa yaliyobakia kikombeni baada ya mtoto kushiba yasirudishwe sufuriani pamoja na mengine, wala yasiwekwe hadi jioni. Yatiwe katika uji wa ulezi asubuhi ile ile. Vyombo vya kumiminia vioshwe papo hapo kabla maziwa hayajakauka, kwanza kwa maji baridi, kisha kwa maji ya moto na sabuni, vikasuuzwe, na kupinduliwa uchagani juani.